Udongo wa Agosti si udongo wa Aprili

Najua nimepotea kitambo, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Ni testi, ni kazi za vikundi, ni bumu kuisha kabla ya mwezi... maisha ya Mlimani mnayajua wenyewe.

Leo nimerudi na hasira kidogo. Juzi usiku tulikuwa kwenye vimbweta tunamalizia kazi ya kikundi, usanifu wa barabara ya mfano, kilomita 10, magari machache. Mimi ndiye niliyependekeza tuiweke kwetu Mbulu. Tulipofika kwenye mstari wa udongo wa chini, mshkaji mmoja akasema, "Weka S15 tusonge mbele. Si umesema ni Mbulu? Kule udongo mwekundu, mgumu kama tofali." Watu wakacheka, kalamu ikaandika S15. Nikasema futa. Basi tukabishana mpaka saa saba usiku. Wakaniuliza kwa nini nang'ang'ania kamstari kamoja kana kwamba kesho tunakwenda kuijenga kweli. Usiku ule nilishindwa kuwajibu vizuri. Naomba nijibu hapa.

Kwa wale wa sheria, biashara na fani nyingine, msikimbie, nitakwenda polepole. Lami unayoiona barabarani ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kokoto au changarawe iliyoshindiliwa, wakati mwingine matabaka mawili, na chini kabisa kuna udongo wa Mungu uliokuwepo kabla greda halijafika. Darasani tunauita sabugredi. Ukiwa mzuri, matabaka ya juu yanakuwa membamba na fedha inabaki. Ukiwa mbaya, unaongeza unene, au unauchimba wote na kuleta mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la barabara yoyote ni hili: udongo wa pale chini unabonyea kiasi gani gari likipita?

Nimesema kubonyea, sijasema kuvunjika. Nguvu na ukakamavu ni vitu viwili. Chukua godoro la sponji. Ukilikalia halipasuki, kwa hiyo nguvu linayo, lakini linabonyea sana, maana yake ukakamavu halina. Sasa weka kioo juu ya godoro hilo halafu ukipigepige kwa kiganja mara elfu. Godoro litabaki salama, kioo kitapasuka. Lami ndiyo kioo chetu. Inakufa kwa kukunjwa kidogo kidogo, kila lori linapopita, mpaka siku moja unaona nyufa kama ngozi ya mamba.

Tatizo ni kwamba kupima ukakamavu wenyewe ni gharama. Kuna mtambo wa maabara unaobana udongo kwa mapigo mengi mfululizo, na kuna gari linalodondosha uzito barabarani na kusoma jinsi ardhi inavyobonyea. Vitu hivyo hauvikuti kila wilaya. Kwa hiyo sisi wengine tunapima kitu kingine rahisi, halafu tunakadiria. Kitu hicho ni CBR.

CBR ilianzia California mwishoni mwa miaka ya 1920, na O. J. Porter ndiye anayetajwa kila mara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wahandisi wa jeshi la Marekani wakaichukua kwa ajili ya viwanja vya ndege, na kutoka huko ikasambaa duniani. Unashindilia udongo kwenye kopo la chuma, unausukuma kwa pistoni ya kipenyo cha karibu milimita 50, mwendo wa milimita 1.27 kwa dakika, unasoma nguvu iliyotumika pistoni ikizama milimita 2.5 na milimita 5. Unalinganisha na kokoto nzuri iliyopewa alama 100. Udongo ukipata 5, maana yake ni asilimia 5 ya zile kokoto. Ukitaka kujua hali yake mbaya, unaloweka kopo siku nne kabla ya kupima.

Mwongozo wetu wa Tanzania wa mwaka 1999 umegawa udongo wa chini katika madaraja matatu: S3, S7 na S15. Namba ni CBR ya chini kabisa ya daraja husika. Pia umegawa nchi katika kanda za hali ya hewa, kavu, wastani na mvua, kwa sababu waandishi wake walijua kwamba udongo haupimwi bila kuuliza habari za maji. Hili la maji naomba mlishike.

Field sasa. Huko porini ukitaka matokeo ya haraka unatumia DCP. Ni fimbo ya chuma yenye koni kwenye ncha na nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575. Mmoja anashika iwe wima, mmoja anapiga, mmoja anasoma rula na kuandika. Unahesabu koni inazama milimita ngapi kwa pigo moja, halafu fomula inakupa CBR. Kwa fomula ya TRL ya Uingereza, milimita 10 kwa pigo ni CBR ya kama 26. Milimita 40 kwa pigo ni kama 6.

Agosti 2023 nilikuwa kwetu kwa ajili ya PT. Mnaopajua Mbulu mnajua Agosti inavyokuwa: baridi kavu, vumbi, upepo unaokata midomo. Tukatumwa kupima barabara moja ya kijiji iliyokuwa ikisubiri kifusi. Sitataja kijiji wala ofisi, na wala sina ugomvi nao, kwa sababu aliyeshika kalamu siku ile ni mimi.

Barabara inatoka kwenye mgongo wa mlima wenye udongo mwekundu, inateremka kwenye bonde fupi lenye udongo mweusi, halafu inapanda tena. Ule mweusi ndio tunaouita udongo wa mbuga, ndugu na ule wa kule bonde la Yaeda. Kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Katikati ya nyufa ni mgumu ajabu. Tulipiga DCP pale bondeni, koni ikazama milimita 10 kwa pigo. Nikaandika 26. Mgongoni tulikuwa na vipimo vingi, bondeni viwili tu. Nikavichanganya vyote, nikatafuta wastani, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba udongo unatosha daraja la S15 mwanzo hadi mwisho.

Tukiwa bado bondeni akapita mzee na ng'ombe wake. Tukamwamkia, "Shikamoo Aako." Aako ni babu kwa Kiiraqw. Akaitikia, akasimama kutuangalia tunavyotoka jasho na ile nyundo, akauliza tunatafuta nini, maji? Nikamwambia tunapima kama ardhi ni ngumu. Akacheka. Akasema, "Kijana wangu, sasa hivi hata mimi naona ni ngumu. Njoo uipime mwezi wa nne." Tukacheka naye, akaenda zake. Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kuandika maneno ya mzee. Hata sehemu ya kuandika kama udongo ulikuwa mkavu au una unyevu haikuwepo. Tarehe iliandikwa juu kabisa ya ukurasa, na nilipohamishia namba kwenye ripoti, tarehe haikuhama nazo.

Kifusi kikamwagwa, unene uleule mlimani na bondeni.

Halafu mnakumbuka zile mvua zilizokuja na El Niño. Tarehe 3 Desemba 2023, kwa majirani zetu wa Hanang, matope na mawe yalishuka kutoka mlimani mpaka Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sisemi ule msiba na barabara yangu ni jambo moja, hapana, ule ni mlima mzima uliolowa. Ila kwa sisi tuliokulia kule ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho kwamba ardhi unayoikanyaga miaka yote inaweza kuwa uji maji yakiingia.

Aprili 2024 dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu saa tisa usiku. Shemeji akakodi Noah. Walifika lile bonde na gari likazama hadi tumboni. Kifusi hakikuwa kimesombwa, kilikuwa kimezama, kimemezwa na ule udongo mweusi. Walisukuma, wakakata majani wakaweka chini ya tairi, wakaita watu wa karibu. Trekta lilifika kumekucha, mtoto ameshatangulia. Alizaliwa ndani ya Noah, mikononi mwa mama mmoja jirani aliyekuja na kanga na taa. Wote wazima, namshukuru Mungu kila siku. Kwetu mtoto wa kiume aliyezaliwa njiani huitwa Lohay, kutokana na neno letu la njia, kwa hiyo hata kikao cha kutafuta jina hakikuhitajika.

Nilipokwenda likizo nilimwomba fundi mmoja tuliyefahamiana naye wakati wa PT, tukapiga DCP palepale, hatua chache pembeni. Ardhi ilikuwa bado imelowa. Milimita 40 kwa pigo. Nyie fanyeni hesabu: kutoka 26 hadi 6. Bonde lilelile, fimbo ileile, fomula ileile. Agosti nililipa S15, na haki yake ilikuwa S3.

Sasa nasikia mtu anasema, "Ah, hiyo si ilikuwa mvua ya ajabu? Miezi minane ya mwaka udongo ni mzuri, tumia wastani." Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu hata wastani wenyewe unadanganya. Wamarekani walijenga barabara za majaribio Illinois, wakazipitishia malori mfululizo kati ya 1958 na 1960, na kutokana na kazi ile zikaja fomula za AASHTO. Moja yake inasema uharibifu unakua kwa kipeo cha 2.32 kadiri ukakamavu wa udongo unavyoshuka. Kwa Kiswahili cha vimbweta: ukakamavu ukishuka nusu, kila gari linaharibu barabara mara tano zaidi.

Chukua udongo wenye ukakamavu wa MPa 80 kwa miezi minane ya ukavu, na MPa 40 kwa miezi minne ya mvua. Wastani wa kawaida ni kama 67. Hesabu uharibifu sasa. Miezi minane mara 1 ni 8. Miezi minne mara 5 ni 20. Jumla 28, na 20 kati ya hizo, zaidi ya asilimia 70, zimetokea ndani ya ile miezi minne. Ukitafuta namba moja inayowakilisha mwaka mzima kwa haki, inatoka kama 55, si 67. Barabara inaishi mwaka mzima ila inauawa masika. Halafu sisi tunakwenda kuipima Agosti, kwa sababu Agosti gari la ofisi linafika!

Na hapo sijagusa ile hatua ya kugeuza CBR kuwa ukakamavu. Wengi hapa tunazidisha CBR kwa 10, tunapata MPa, tunaendelea. Waingereza wana yao: 17.6 mara CBR kwa kipeo cha 0.64. Kwa CBR ya 5 zote mbili zinakupa karibu 50, hakuna ugomvi. Kwa CBR ya 20 moja inakupa 200, nyingine 120. Ipi kweli? Hakuna, kwa sababu ya kwanza ilikusudiwa udongo laini wenye CBR isiyozidi 10, na ya pili haikutakiwa kuvuka 12. Lakini mipaka hiyo iko kwenye maandishi madogo, na kikokotoo hakisomi maandishi madogo. Ile 26 yangu ya Agosti, kama ningeigeuza, ningepata MPa 260 kwenye bonde linalomeza Noah.

Haya, ili nisionekane naimba wimbo mmoja, niseme na upande wa pili. Mhadhiri mmoja alituambia kitu ambacho nakikubali: mhandisi mwoga naye anaua barabara. Ukiogopa, ukaloweka kila sampuli siku nne na kusanifu kila mita kana kwamba iko ndani ya ziwa, gharama inapanda, na barabara ya kijiji haijengwi kabisa. Dada yangu angepita wapi? Ule udongo mwekundu wa mgongoni, ukipewa mitaro mizuri, haulowi vile. Kwenye barabara ndogo za lami wanashauri katikati ya barabara iwe juu ya sakafu ya mtaro kwa kama milimita 750, ili maji yakae mbali na tabaka za chini. Sehemu kama hiyo ukiisanifu kwa namba ya kulowekwa unatupa fedha. Fedha hiyohiyo ilihitajika bondeni: kuchimba ule mweusi au kuufunika kwa tuta la udongo bora, kuinua barabara, kuweka kalavati.

Kwa hiyo sisemi tuchukue namba mbaya kila mahali. Ninachosema ni kwamba namba ya udongo isiyo na tarehe na unyevu si kipimo. Haina tofauti na kusema mtu ana kilo 70 bila kusema ni mtoto au mtu mzima.

Na wala sijavumbua kitu. Mwongozo wetu wa barabara za magari machache wa mwaka 2016 unakubali njia ya kutumia milimita kwa pigo moja kwa moja, bila hata kugeuza kuwa CBR, na njia hiyo inaanza kwa swali la mzee wa ng'ombe: barabara ikishajengwa, udongo utakuwa na unyevu zaidi au pungufu kuliko siku mliyopima? Kama utakuwa mkavu zaidi, unachukua kipimo cha asilimia 20. Kama uleule, asilimia 50. Kama utalowa zaidi, asilimia 80, yaani unaegemea upande wa zile sehemu koni ilizozama sana. Ukipima Agosti na huna jibu la swali hilo, hujapima.

Mambo matatu basi, kwa sisi tunaokwenda PT mwaka huu na wale wanaoandika mradi wa mwisho.

Moja, andika unyevu na mwezi mbele ya kila namba, kwenye mstari uleule, si juu ya ukurasa. Chukua kiroba kidogo cha udongo, kifunge vizuri, kakipime maabara. Ni kazi ya siku moja.

Mbili, usichanganye bonde na mlima. Mwongozo wa 1999 unataka ugawe barabara katika vipande vinavyofanana, halafu kila kipande uchukue thamani ambayo asilimia 90 ya vipimo inaifikia au kuizidi. Kipande chenye vipimo viwili tu hakina asilimia 90 ya kitu chochote, kwa hiyo rudi ukapige zaidi.

Tatu, uliza wenyeji maji yanakaa wapi na kwa muda gani, na uandike walichosema. Namba ya bonde lile aliijua mzee anayepita pale kila siku, aliijua bila nyundo, na mimi nilimcheka.

Mtasema ni rahisi kuongea, ofisi hazina fedha za kwenda mara mbili. Kweli. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba kubwa, jumla kilomita 2,035, na moja ni ile ya Karatu, Mbulu, Haydom hadi Maswa, kilomita 389. Barabara kama ile ina maabara na wahandisi washauri, siiwazi sana. Nawaza zile ndogo zinazoingia humo kutoka vijijini. Hizo zinapimwa na mwanafunzi mmoja wa PT, fundi mmoja na fimbo moja, kwa siku moja. Ndiyo maana ile siku moja lazima iandikwe kwa ukweli. Kama hamwendi mara mbili, basi angalau namba iseme ni ya kiangazi, ili anayesanifu ajue ana deni la mvua.

Kundi letu limebadilisha ile kazi. Kilomita 10 tumezigawa vipande vitatu, bonde tumelipa S3 na tuta, migongo tumeipa S7 mpaka vipimo vya kutosha vituambie vingine. Yule mshkaji wa S15 bado ananuna kwa sababu mahesabu yameongezeka kurasa sita na ni yeye anayechapa. Nimemwahidi chipsi mayai pale Changanyikeni.

Lohay anakimbia sasa, na anapenda magari vibaya mno. Likizo ijayo nakwenda nyumbani, na safari hii nakwenda wakati wa mvua. Nimeshamwomba fundi ile DCP. Yule mzee nitamtafuta, nina shikamoo yake na nina maswali.

Maoni ruksa, hasa wale wa Mbeya na Kagera, hebu tuambieni udongo wa kwenu masika unakuwaje. Na kama kuna aliyewahi kuandika S15 mahali akaja kujuta, aseme tu, hapa hatuchekani.